Mkwaju uliokosekana kwenye ramani

Kosa la kwanza katika kisa hiki ni langu, na nililifanya nikiwa nimekaa kitini. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Malindi. Mwenye ploti aliniletea nakala ya hatimiliki na karatasi ya mpimaji: futi 50 kwa 100, bikoni nne (mawe ya mpaka), barabara ya gari upande wa mbele na kichochoro ubavuni. Ndani ya mistari ile minne hapakuwa na kitu, nami nikachora juu ya utupu huo. Orofa nne, nyumba tatu kila orofa, jumla 12. Maegesho ya magari sita nikayatupa kona ya nyuma. Siku mbili kazi ikawa imekwisha na malipo ya kwanza yakaingia kwenye simu.

Kona ile ya nyuma, hatua moja tu kutoka kwenye bikoni, pamesimama mkwaju. Nilikuwa naujua vizuri. Asubuhi kuna mama anayekaanga mahamri chini yake na kuyauza kwa mbaazi za nazi, na mimi ni mteja wake. Adhuhuri watoto wa chuo cha Kurani hukaa pale wakingoja mwalimu afungue mlango. Jioni ni zamu ya vijana wa bodaboda. Mti wote huo, na kivuli chake, na watu wake, haukuwamo kwenye karatasi ya mpimaji, basi haukuwamo kwenye yangu.

Tangazo la kuomba kibali cha ujenzi lilipobandikwa, aliyelisoma mpaka mwisho ni mzee wa mtaa. Akamtuma mtoto aniite. Nilimkuta barazani, ramani yangu imetandazwa magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, huu ni mkono wako?"

"Ni wangu."

"Basi nionyeshe mkwaju uko wapi."

Nilitafuta pa kuweka kidole, nikakosa.

Naeleza haya kwa sababu watu wengi wakisimulia visa vya miti ya mjini huanza na shoka. Hapa shoka halikuwa limefika, na kwa upande wa karatasi mti ulikuwa umeshakatwa. Afisa anayepitisha ramani akiwa mezani pake haoni kiwanja, anaona mchoro. Mchoro ukisema pale ni maegesho, anakagua kama gari linaweza kugeuka. Hana sababu ya kuuliza habari ya mti ambao hakuna aliyemwambia kwamba upo.

Fomu isiyokuwepo

Majirani waliandika barua, wakatia saini na wengine alama za dole gumba. Ombi lao lilikuwa moja: ofisi itoe "amri ya kuhifadhi mti". Neno hilo lilitoka kwa kijana wa mtaa anayeishi London, aliyewatumia ujumbe wa sauti mrefu akieleza jinsi mambo yanavyokwenda huko. Hakuwadanganya. Uingereza, chini ya sheria yao ya mipango ya mwaka 1990, halmashauri inaweza kuutolea mti mmoja amri ya kuulinda, hata kama umo ndani ya ua wa mtu na mwenyewe hataki. Amri huweza kuanza kufanya kazi siku ileile inapotolewa, ikadumu kwa muda wa miezi sita huku pingamizi zikisikilizwa, kisha ikathibitishwa au ikaachwa. Kuanzia hapo kuukata mti, kuupunguza matawi au kuuharibu kusudi bila idhini ni kosa la jinai. Ukikatwa kinyume cha sheria, mwenye ardhi hulazimika kupanda mwingine mahali pale. Jambo la kushika hapa ni kwamba amri inashikamana na mti wenyewe. Nyumba ikiuzwa, amri inabaki.

Barua ilipofika kwenye ofisi moja ya hapa kwetu, karani aliisoma, akafungua droo, akaifunga. "Fomu hiyo hatuna," akasema. "Ya kuomba kukata ndiyo ipo." Hakuwa na dhihaka. Alikuwa anasema kweli ya droo yake.

Je, sheria ya Kenya haina la kusema? Inayo mengi, ila yametawanyika. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa taifa zima, na mkwaju mmoja wa Malindi hauongezi wala haupunguzi chochote kinachoonekana. Sheria ya misitu inamwezesha Rais kuutangaza mti, au aina ya mti, kuwa umelindwa, kupitia Gazeti Rasmi. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inaweza kulinda mahali penye historia, na ni kwa njia ya namna hiyo, tangu sheria iliyoitangulia, makaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yalivyolindwa. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inazipa kaunti uwezo wa kutenga na kutunza maeneo ya wazi, bustani na misitu ya mijini. Ukisoma yote hayo kwa pamoja utaona pengo lilipo: msitu una mlinzi, kaya ina mlinzi, bustani ya umma ina mlinzi. Mti mmoja uliosimama kwenye ploti ya mtu, yenye hatimiliki, unabaki kuomba huruma.

Na huruma huja, lakini huwa kubwa mno au imechelewa. Novemba 2020 mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, uliokuwa kwenye njia ya barabara mpya ya juu, ulinusurika kwa agizo la Rais. Mti mmoja ukahitaji mkuu wa nchi. Miaka miwili baadaye, hapahapa katika kaunti yetu ya Kilifi, mibuyu ilikuwa inang'olewa mizizi na yote ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia kupandwa kwenye bustani, na ilikuwa mpaka Rais mwingine aagize uchunguzi kuhusu kibali ndipo nchi ikashtuka. Mtaa wetu haukuwa na namba ya simu ya Ikulu.

Ukiniuliza mimi, kwa miaka mingi amri ya pekee ya kuuhifadhi mkwaju ule ilikuwa imetolewa na majini. Ni mti wenye wenyewe, kila mtu Malindi anajua mikwaju mikubwa inavyosemwa, na mafundi wawili wa msumeno waliwahi kukataa kuugusa kwa bei yoyote. Ulinzi huo hauna faini wala rufaa, na ulifanya kazi. Unakoma pale kontrakta anapotoka mbali na vijana wake.

Mti una mwenyewe, ardhi ina mwenyewe

Mzee wa mtaa alikuwa na hoja ambayo barua haikuitia, nami naiona kuwa ndiyo hoja ya kipwani hasa. "Sisi," alisema, "hatukuwa na kawaida ya kusema mti ni wa mwenye ardhi." Na ni kweli. Pwani hii mnazi ungeweza kuwa na mwenyewe na udongo ukawa na mwingine. Minazi ikiwekwa rahani, ikirithiwa, ikigawanywa kati ya ndugu, na shamba likibaki la mtu mbali. Mpaka leo tunazo nyumba bila ardhi: mtu anamiliki kuta na paa, analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye udongo. Kutenganisha kilicho juu na kilicho chini hakuhitaji mwalimu kutoka nje kuja kutufundisha.

Shida ni kwamba desturi ile ilihesabu miti ya mapato. Mnazi una faida inayohesabika kwa madafu na nazi. Mkwaju ulijiotea, ukwaju wake aliyeuokota ndiye mwenyewe, na kivuli hakijawahi kuandikiwa hati. Hatimiliki ilipotoka iliumeza mti pamoja na mawe.

Mzee akapendekeza wakfu. Kona ile itolewe wakfu, mkwaju ubaki kwa manufaa ya Waislamu na majirani wote, na kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Kwangu hilo lilikuwa na nguvu kuliko amri yoyote ya halmashauri, maana linafunga hata mikono ya wajukuu. Likakwama kwenye mirathi. Ploti ilikuwa ya marehemu baba yao, ndugu ni watano, mmoja yuko Mombasa na mmoja Oman, na huwezi kuweka wakfu usichokimiliki peke yako.

Hapa nimtetee mwenye ploti, kwa sababu kwenye mazungumzo ya barazani alikuwa ameshageuzwa Firauni. Hakuuchukia mti. Alikuwa na dada mjane anayesubiri fungu lake, mkopo wenye tarehe, na mchoraji (mimi) aliyemwambia nyumba 12 zinaenea. Aliniambia, "Waniambie basi nani atanilipa kodi ya nyumba moja kila mwezi ili watu wapate kivuli." Swali lake halijajibiwa mpaka leo. Kile ambacho mtaa ungeokoa bure, yeye angekilipia shilingi 15,000 kila mwezi.

Kamba na tepu

Kilichotuokoa ni kipengele kimoja cha kawaida cha sheria ya 2019. Ombi la kibali hutangazwa, watu hualikwa kupinga, na kibali kinaweza kutolewa pamoja na masharti. Sharti likivunjwa, kaunti inaweza kutoa ilani ya kusimamisha au kurekebisha kazi. Asiyeridhika ana siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango, na baada ya hapo kuna mahakama ya mazingira na ardhi, ambayo Malindi ipo. Majirani walishauriwa waende kortini moja kwa moja kwa kifungu cha 70 cha Katiba, ambacho hakimdai mlalamishi athibitishe kwamba yeye binafsi amepata hasara. Hoja nzuri. Nauli, wakili na kuahirishwa kwa kesi viliwafanya waanze na pingamizi, nami nadhani waliamua vyema.

Nikaambiwa nichore upya, safari hii mti ukiwemo. Ilibidi tuupime.

Tulikwenda asubuhi, mimi, mwanawe mwenye ploti na mama wa mahamri aliyeshika ncha ya kamba. Tukauzungushia kamba usawa wa kifua, tukaipima kwa tepu: mita 2.83. Gawa kwa 3.14, kipenyo ni sentimita 90. Waingereza wana kanuni yao ya ujenzi karibu na miti: eneo la mizizi la kulindwa ni duara ambalo nusu kipenyo chake ni mara 12 ya kipenyo cha shina. Mara 12 ya sentimita 90 ni mita 10.8. Nilipochora duara hilo kwenye karatasi, kijana wa mwenye ploti alishika kichwa. Ploti yenyewe ina upana wa mita 15.

Lakini mti ulikuwa konani. Robo tu ya duara iliangukia ndani ya ploti, kama mita za mraba 92 kati ya 464 za ploti nzima, yaani moja ya tano. Robo tatu nyingine zilikuwa chini ya kichochoro na nyua za majirani wawili. Mchoro ule mmoja ulifanya kazi ambayo saini zote hazikuifanya. Mwenye ploti aliona kwamba hatakiwi kutoa nusu ya urithi wake. Majirani waliona kwamba mizizi ya mti wanaoupigania imo pia chini ya vyoo vyao, na mmoja alikuwa na mpango wa kuchimba shimo jipya. Akanyamaza kidogo kuanzia siku ile.

Jengo likasogea mbele. Nyumba moja ya chini tukaiondoa, magari yakaingia chini ya jengo, kati ya nguzo, nyumba zikawa 11. Kigumu kuliko vyote kilikuwa shimo la maji machafu. Malindi ni mji wa mashimo. Nyumba ya orofa nne inahitaji septiki kubwa na shimo la kunywesha maji, na pahali pake pa asili huwa nyuma. Nyuma ndipo mkwaju ulipo. Tulivutana wiki nzima. Mwisho nikapendekeza mita 6 kutoka kwenye shina badala ya 10.8, ili shimo lienee. Wote wakakubali kwa sababu walikuwa wamechoka. Mita zile 4.8 nilizozifuta kwa raba zilinirudia.

Rasimu ya kwanza ya sharti ilisema mti uliopo "uhifadhiwe kadiri iwezekanavyo". Binti mmoja wa mtaa, mwanafunzi wa sheria, aliyakataa maneno mawili ya mwisho, na alikuwa na haki. "Kadiri iwezekanavyo" ni mlango wa nyuma: kontrakta yeyote atakuambia haikuwezekana. Sharti lililopita lilitaja aina ya mti, mahali ulipo kwa vipimo kutoka kwenye bikoni, mita 6 zisizochimbwa, na kwamba tawi halikatwi bila idhini ya maandishi. Ukubwa wa shina pia ukaandikwa. Hilo la mwisho ni dogo, ila bila hilo mtu anaweza kuua mkwaju wa miaka mingi, akapanda mche wa magotini na kukuambia, mti si huo?

Najua kuna wanaosema ukikata mmoja panda kumi. Serikali imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na sikatai miche. Nimeiona ile ya kandokando ya barabara, kila mmoja na kiuzio chake cha fito, kaskazi ikipiga na hakuna mwenye debe la maji. Mche utakaompa mama yule kivuli cha kukaangia hajauona bado, na mkwaju hukua polepole hasa.

Ujenzi

Masharti yalibandikwa kwenye mabati ya uzio. Kontrakta alikuwa mstaarabu na mita 6 aliziheshimu, kwa maana ya kwamba hakuchimba. Alichofanya ni kuchanganya zege pale. Ukiwa na vijana 15 kwenye jua la Februari utaweka wapi koleo na saruji? Kwenye kivuli. Sharti lilikataza kuchimba, halikutaja zege. Kwa wiki tatu maji ya saruji yalimwagwa juu ya mizizi, lori la kokoto likarudi nyuma kila asubuhi na kuushindilia udongo mpaka ukawa kama sakafu.

Aliyeona ni mama wa mahamri. Alikuwa amehamishia meza yake kichochoroni, na kila siku alipiga picha moja kwa simu yake, mahali palepale, tarehe ikionekana. Sidhani aliambiwa na mtu. Picha 19 ndizo zilizopelekwa, na ilani ikatoka. Kazi ilisimama siku tisa. Zege likahamia mbele, mizizi ikafunikwa matandazo ya makuti na majani, uzio wa fito ukawekwa kuzunguka shina. Yote hayo yalikuwa ya kufanywa siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyepaswa kuyaandika.

Lile pengo la mita 6 nalo lilidai chake. Shimo lilichimbwa mita 7 kutoka kwenye shina, halali kabisa. Udongo wetu ni mwamba wa matumbawe. Mizizi haishuki inavyotaka, inafuata nyufa na kutambaa mbali. Walipofika kimo cha kiuno walikuta mzizi mnene kama paja la mtu. Fundi alinipigia simu kuuliza afanyeje. Nikamwambia angoje. Nilipofika ulikuwa umeshakatwa, ukitoa maji, na vipande vimepangwa pembeni vizuri kwa ajili ya kuni.

Sasa jengo lina wapangaji. Upande wa mashariki wa mkwaju uko vilevile, na mpangaji wa orofa ya tatu huchuma ukwaju akiwa kwenye roshani yake. Upande wa shimo umepunguza majani, na tawi moja limekauka ncha. Mama amerudisha meza, ila ameisogeza kama hatua nne kuelekea kichochoroni, kufuata kivuli.

Mwezi uliopita mwenye ploti alikuja ofisini kwangu. Maji ya bomba yanakatika na wapangaji wanalalamika, anataka tangi kubwa juu ya nguzo nne za zege, na pahali palipobaki ni kona ya nyuma. Ameniuliza kama sharti la mita 6 linahusu ombi jipya, au liliisha na jengo lile. Sharti liliandikwa kwenye kibali cha jengo, halikuandikiwa mti. Nimemwambia aniachie karatasi nitamjibu. Bado ziko mezani.